Baridi Anatafuta Mkwaruzo

Mume wa dada yangu anaitwa Baridi na kila mtu, hata na mimi ninapokuwa nimemkasirikia. Jina alilipata kwa sababu ya kutengeneza mafriji, likamkaa vizuri zaidi kwa sababu hajui kufoka. Ukimfokea anakusikiliza mpaka mwisho, kisha anakuuliza kama umekula. Mimi nasuka nywele kutwa nzima na mdomo wangu haujui likizo, kwa hiyo mnaweza kukisia tulivyoelewana miaka ya mwanzo.

Karakana yake iko uani, nyuma ya nyumba. Ukiingia unakuta mafriji yamevuliwa milango, milango yenyewe imeegemezwa ukutani, mabomba membamba ya shaba yananing'inia misumarini. Friji ikiletwa, haigusi kwanza. Anaichomeka kwenye umeme, anainamisha kichwa na kuisikiliza, macho ameyafumba, mpaka mteja anaanza kutazama mlango. Ndani ya nyumba friji yao wenyewe haifungi sawasawa tangu wahamie. Mganga hajigangi.

Jumapili alasiri vyuma vinasogezwa pembeni na karakana inakuwa ya bendi. Wako wanne: mpiga ngoma, mpiga besi, Baridi kwenye gitaa, na dada yangu mwimbaji. Gitaa la Baridi lilikuwa na sauti safi kama sahani iliyosuuzwa. Alifuta nyuzi kabla ya kupiga, akazifuta tena baada ya kupiga, na wapigaji waliokwaruza sauti zao makusudi aliwacheka kwa upole wake, akisema magitaa yao yana mafua. Usafi ule ulikuwa kwa ajili ya dada. Sauti yake ilipanda bila kusukumwa, na gitaa lilimfuata nyuma kidogo tu, lisimkanyage.

Kisha dada akaota uvimbe shingoni. Walimpasua, akapona, jeraha likafunga likabaki kovu jembamba. Lakini sauti ilirudi imekwaruza. Daktari alimwambia koo ni zima, mshipa mmoja mdogo ndio ulioguswa. "Hii ndiyo sauti yako sasa, mama. Itumie bila woga." Dada akashukuru, akarudi nyumbani, akaacha kuimba. Hata kile kiwimbo cha midomo iliyofumbwa alichokuwa akiimba anapoosha vyombo kilikoma. Simu ikilia nikiwa kwao, alinipa mimi nizungumze. Akicheka alifunika mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyeng'oka meno.

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamletea asali na tangawizi mpaka akaniambia nimemgeuza birika la chai. Nilikuwa naogopa. Kuna watu ukiwanyima kazi wanapumzika, na kuna watu wanazimika. Dada alikuwa anazimika mbele ya macho yangu.

Jumapili moja alikubali kujaribu. Alisimama karibu na mlango, akaimba beti moja, na kila alipopanda sauti ilikatika, huku gitaa la Baridi likiendelea safi, limenyooka, halina hata vumbi. Dada akanyamaza katikati ya neno.

"Gitaa lako linanianika, fundi," alisema. "Kila panapochanika pangu panaonekana."

Akaingia ndani. Tulimtazama Baridi, tukingoja amfuate ambembeleze. Hakumfuata. Alikaa amelipakata gitaa lake, ameinamisha kichwa vile anavyosikiliza friji.

Kesho yake alifunga karakana akaja saluni kwangu.

"Shemeji, nisindikize mjini. Nataka kununua pedali."

"Ya cherehani au ya baiskeli?"

"Ya gitaa."

Akanieleza njiani. Ni kidude cha chuma kinachowekwa sakafuni. Waya wa gitaa unapita humo kabla ya kufika kwenye spika, na ukikikanyaga, sauti inatoka imekwaruza. Hasira zilinipanda. Mke wake yuko ndani hataki hata kuitika hodi, na yeye anakwenda kujinunulia kitu cha kuchezea! Nilimwambia hivyo, kwa maneno marefu kuliko haya. Akaniuliza kama nimekula.

Duka la ala lilikuwa chumba chembamba chenye magitaa mpaka darini. Mwenye duka anajulikana kwa jina la Desibeli, kile kipimo cha kelele, kwa sababu hawezi kuongea chini. Pedali zilipangwa ndani ya kaunta ya kioo, nyekundu, za manjano, za rangi za peremende. Akatoa kwanza kubwa kuliko zote, ina taa na vitufe vya kuzungusha kila mahali.

"Hii ina kila kitu, mkuu! Radi, nyuki, ndege ya kivita!"

"Jukwaani nina miguu miwili," alisema Baridi, "na mmoja nimeusimamia. Nipe yenye vitu vichache. Ila iweze kunong'ona, na iweze kupiga kelele."

Desibeli akamletea kiti, gitaa na pedali moja baada ya nyingine. Nilidhani atapiga nyimbo, tuondoke. Hakupiga wimbo hata mmoja. Aligusa uzi mmoja taratibu, akaugusa tena kwa nguvu. Akapiga nyuzi zote pamoja, akatega sikio kama anahesabu watoto gizani kuona kama wametimia. Pedali ya kwanza aliirudisha: "Inasaga." Ya pili: "Inafunika. Nyuzi sita, nasikia moja." Nyingine ikamkunjisha uso. "Hii inakwaruza muda wote, hata nikiigusa polepole. Mtu hakwaruzi muda wote. Anakwaruza anapopanda."

Neno hilo, mtu, lilinigonga, lakini sikulielewa. Ndipo akanigeukia.

"Shemeji, hebu ongea kama dada yako. Kama anavyoongea siku hizi."

Jamani! Nilisimama, mkoba ukaanguka. Nilimuuliza kama amemleta shemeji yake dukani amdhihaki mkewe mbele ya watu. Nilimwambia dada yangu si kichekesho. Nilimwambia na mengine ambayo leo siyarudii. Kwa mara ya kwanza Desibeli alipungukiwa na sauti. Baridi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Simdhihaki," alisema. "Miaka yote kazi yangu ni kumfuata. Sauti yake imehama, shemeji, na mimi bado nabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Nataka nihamie alikohamia. Sasa nisaidie, maana yeye hataki kufungua mdomo nimsikie."

Nilinywea. Nimeishi na watu wengi wenye maneno mazuri, na hakuna aliyewahi kuninyamazisha hivyo. Mtu huyu ambaye miaka yote nilimwona mzito alikuwa amefikiri jambo ambalo mimi na asali yangu hatukulikaribia. Sisi wote tulitaka dada arudi alikotoka. Yeye peke yake alikuwa anaulizia njia ya kwenda aliko.

Nikaokota mkoba, nikakaza koo, nikasema kwa sauti ya dada: "Nani tena ameacha friji wazi?"

Baridi akapiga noti. Nikasema tena, akapiga tena. Hiyo haikufaa. Ikaja nyingine, ikarudi. Mwishowe Desibeli alifungua droo akatoa kidude kidogo cha kijani, rangi imebanduka pembeni, vitufe vitatu tu: cha ukubwa wa sauti, cha mkwaruzo, na cha kuifanya iwe nyembamba au nene. "Hii watu wanaipita tu," alisema, akarekebisha vitufe. Baridi akagusa uzi taratibu, ukalia safi, una mkwaruzo mdogo tu kama unyoya. Akaongeza nguvu, na sauti ikaanza kuchanika juu kabisa, palepale inapochanika ya dada, na chini ya mchaniko kila uzi ukasikika. Vinyweleo vilinisimama mikono yote miwili. Desibeli alikuwa ameegemea kaunta, mdomo wazi, amesahau kuuza.

Jumapili ilipofika, tulikuta vitufe vya pedali tuliyoinunua vimejizungusha mfukoni. Baridi hakutaka kuijaribu kwa sauti, dada asiisikie kabla ya wakati, kwa hiyo alimpigia simu Desibeli. Desibeli akasoma karatasi iliyokuja na pedali, na wote karakanani tulimsikia: "Kitufe cha katikati, mkuu, mshale uelekeze saa kumi!" Baridi akatazama saa ya ukutani, akaona mshale mfupi hukaa wapi ikifika saa kumi, akauweka mshale wa kitufe hivyo hivyo, chini upande wa kulia. Hakuna aliyemsahihisha.

Dada aliingia na chupa ya chai ya wanabendi. "Kaa kidogo, mke wangu," alisema Baridi. Akakanyaga pedali, akapiga.

Lilitoka jambo ambalo sina jina lake. Milango ya mafriji iligongana ukutani, mpiga ngoma akaangusha vijiti, mbwa wa jirani akabweka. Karatasi ile iliandikwa na watu wanaoanza kuhesabu saa katikati ya usiku. Kumi yao ni nne yetu, mshale juu kushoto, mkwaruzo kidogo tu. Sisi tulikuwa tumeufungulia karibu wote.

Na dada akacheka. Alikuwa na chupa mkononi, hakuwa na kiganja cha kufunika mdomo. Akacheka kwa sauti yake mpya, imekwaruza, imekatika, inaendelea.

"Wewe fundi! Umeninunulia trekta?"

Baridi aliondoa mguu kwenye pedali. Uongo hajui. "Nilitaka ifanane na wewe," alisema.

Kicheko kikakatika. Nilitamani ardhi ipasuke, immeze Desibeli kwanza, kisha mimi.

"Mimi ndio nasikika hivyo?" aliuliza dada, taratibu.

"Hapana," nilisema, na machozi yalikuwa yameshafika. "Tumeiweka vibaya. Dukani ilikuwa wewe, dada. Haki ya nani, ilikuwa wewe, na ilikuwa nzuri mno."

Alinitazama, akamtazama mumewe. Akaweka chupa chini, akakusanya gauni lake, akachuchumaa mbele ya kidude kile. Akashika kitufe cha katikati kwa vidole viwili.

"Piga," alisema.

Baridi akapiga. Dada akafumba midomo, akatoa sauti ndogo kooni, akilinganisha. Akapunguza. "Piga tena." Akapunguza, akakirudisha kitufe nyuma kiasi cha unywele mmoja. Nilimwona akiitafuta sauti yake mwenyewe kwa mkono, kama mtu anayepapasa swichi ya taa.

"Hapo," alisema. "Asiiguse mtu."

Akaimba akiwa amechuchumaa vilevile. Alianza chini, gitaa likaenda naye chini. Alipopanda na sauti ikaanza kuchanika, Baridi aliongeza nguvu vidoleni na gitaa likachanika pamoja naye, na kile ambacho tangu hospitali tulikiita kuharibika kikawa kitu kipana, kina watu wawili ndani. Nimemsikiliza dada yangu tangu nazaliwa. Sikuwahi kumsikia hivyo, hata alipokuwa mzima. Nilijishika kwenye friji iliyokuwa karibu.

Beti ya mwisho ilipanda juu zaidi, na sauti ikavutika, ndefu, imekwaruza, ikajaza karakana mpaka bati likaitikia. Nikawaza, pedali hii ina maajabu, gitaa linaweza kulia hivi. Nikamtazama Baridi nimwone anavyolipiga. Kumbe alikuwa ameshaondoa mkono kwenye nyuzi, amesimama tu anamtazama, na aliyekuwa anaimba ni dada peke yake.