Mmimina Kahawa wa Ain Lawza

Kwa miaka thelathini Fahmi Zughayar alipiga magoti kwenye sakafu za watu wengine. Alikuwa fundi wa vigae katika maghorofa ya Waisraeli kule pwani. Magoti yalipogoma alirudi kijijini kwao, Ain Lawza, kwenye mabonde ya chini ya Bethlehemu, akarithi kwa baba yake vitu viwili: shamba la ngazi tatu lililozungushiwa kuta za mawe, na dele la shaba la kumiminia kahawa katika baraza la kijiji. Mkewe, Nuha, alikuwa akisema kwamba vyote viwili havina faida, ila shamba angalau linatoa biringanya.

Mbegu ya biringanya hizo haikutoka dukani. Kila mwaka tunda moja nene liliachwa lizeekee mtini mpaka ligeuke njano, kisha mbegu zikaoshwa, zikaanikwa, zikatiwa koponi. Hivyo ndivyo alivyofanya babu yake, na babu wa babu yake. Lakini mbegu hiyo haivumilii sana. Ikikaa miaka mitatu bila kupandwa, hufia humo humo koponi, kimya kimya, na huu ulikuwa mwaka wa tatu bila maji.

Chemchemi ilikuwa juu, ng'ambo ya reli, ikipakana na makomamanga ya Waisraeli. Zamani vijiji viwili viligawana maji kwa zamu. Kisha zikazuka ghasia. Mpwa wa Hajji Rabah, mkubwa wa baraza, akapigwa risasi ya mguu pale pale chemchemini. Upande wa pili ghala la watu likachomwa moto. Jeshi likaweka mfuniko wa chuma na kufuli, likasema litafungua siku vijiji vyote viwili vitakapokubaliana zamu. Hajji Rabah akaapa kwamba hatazungumza habari za maji na mtu yeyote wa kule, na bila neno lake hakuna aliyethubutu kwenda.

Majira hayo Fahmi alizipanda mbegu zote zilizobaki katika makopo ya samli, juu ya paa. Ikaota miche thelathini na minane. Nuha aliinywesha maji aliyooshea mboga. Mwisho wa mwezi wa tano ungepita miche ikiwa bado makoponi, basi biringanya ya kina Zughayar ingekuwa hadithi.

Ndipo akaja Bi Ragnhild Torvik, waziri mkuu wa nchi moja ndogo ya kaskazini. Mwaka mzima mama huyo alikuwa akienda na kurudi kati ya serikali mbili, akibeba maneno ya hawa kwa wale na ya wale kwa hawa, na mazungumzo makubwa yalikuwa yamekwama. Akaomba aonyeshwe mahali ambapo jambo dogo nalo limekwama. Wakamleta Ain Lawza, na mwenyewe akaja na Menashe Abutbul, mkuu wa wakulima wa makomamanga. Wazazi wa Menashe walitoka Moroko, na Kiarabu chake cha huko kiliwachekesha watu kabla hajamaliza salamu. Hajji Rabah hakuweza kumfukuza mgeni wala aliyefuatana na mgeni. Aliwakaribisha wote, akasema wazi kwamba kukaribisha si kuzungumza.

Fahmi alikuwa jikoni akichemsha kahawa na iliki pale msaidizi wa Bi Ragnhild alipokuja kuomba maji ya kumezea vidonge. Kupitia kwa mkalimani akaeleza kwamba mama ana ugonjwa wa moyo na kahawa kakatazwa kabisa. Fahmi akafikiri. Kumruka mgeni ni kumtukana. Akaomba mama apokee tu kikombe, akishike mkononi, inatosha.

Mama akapokea, akashika, akashukuru kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa mikono ilikuwa na karatasi, akakiweka kikombe chini mbele yake.

Baraza lote likakigeukia kikombe.

Kwa watu wa huko, mgeni anayeweka kikombe chini bila kukionja ana haja, na hatakunywa mpaka mwenyeji aikubali. Ndivyo mabinti wanavyoposwa, ndivyo damu inavyosamehewa. Mwenyeji akimwacha mgeni aondoke na kikombe kimejaa, hana tena uso wa kutembea nao. Hajji Rabah akabadilika rangi. Akasema polepole kwamba haja ya mgeni isikike.

Fahmi alisimama na dele lake. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Aliiona miche yake juu ya paa, kila mmoja na majani yake manne. Lakini aliyeshika dele ndiye jicho la baraza. Baba yake hakupata kumimina kahawa kwa hila.

"Hajji," akasema, "usimbebeshe mgeni neno asilolisema. Mama huyu anaumwa moyo. Daktari kamkataza kahawa."

Watu wakashusha pumzi. Hajji akarudi kuhesabu tasbihi yake. Menashe akamgeukia Fahmi kwa kile Kiarabu chake, akimwita kwa jina la binti yake.

"Baba Lamis, ungekuwa bubu dakika moja tu, ingekugharimu nini?"

"Wewe kaa kimya," Hajji akamwambia. "Umeshakunywa vitatu, huna cha kuomba."

Hata waliokuwa wamenuna wakacheka. Bi Ragnhild akamuuliza mkalimani kumetokea nini, naye akamweleza kwa kirefu. Mama akakitazama kikombe, akamtazama Fahmi, akakitazama tena kikombe.

"Basi kiacheni hapo hapo," akasema. "Sasa ninayo haja."

Hakuomba amani ya dunia. Aliomba Hajji na Menashe wapande pamoja kesho asubuhi, wakazitie sahihi zamu zile zile walizogawana baba zao.

"Mguu wa mpwa wangu hauna zamu," Hajji akajibu.

"Nimetoka kumwona asubuhi, na mwenye ghala nimemwona. Sikuwaomba wasahau. Na wewe sikuombi."

Hajji Rabah akahesabu tasbihi, punje zikipita vidoleni moja moja. Mwisho akasema, bila kuinua macho, "Kunywa kahawa yako, mama. Haja yako imekubaliwa."

Msaidizi aliinuka kitini, lakini alichelewa. Mama alikuwa ameshainywa yote, baridi na chungu, uso ukimkunjamana kama mtoto aliyenyweshwa dawa. Akamrudishia Fahmi kikombe kwa mkono wa kulia.

Kesho yake wazee wawili walibishana njia nzima ya kupanda juu ya nani hasa aliyechimba mfereji, lakini kabla ya adhuhuri kufuli lilifunguliwa. Maji yalishuka ya rangi ya udongo, yakisukuma majani makavu na kandambili moja ya mtoto. Fahmi na Nuha walipanda hadi jua likazama. Miche thelathini na mmoja ilishika.

Amani kubwa haikuja. Bi Ragnhild alirudi kwao, na mwaka uliofuata watu wake hawakumchagua tena. Lakini zamu za maji zilidumu, kwa ugomvi wa hapa na pale, na kopo likajaa mbegu mpya.

Tangu hapo, kila baada ya sala ya alfajiri, Fahmi huwaombea watu wake kwa majina: baba yake, mama yake, kisha hutulia kidogo, kisha binti yake Lamis. Siku moja Nuha akamuuliza huyo wa kati, asiyetajwa, ni nani.

"Yule mama wa kaskazini. Jina lake linanivunjikia mdomoni."

"Mungu atamjuaje?"

"Anamjua."

Nuha akafikiri, huku akikunja mswala wake.

"Basi kesho mwombee naye kwa sauti," akasema, "na mimi niitikie amina."