Fimbo Iliyosingiziwa

Mara ya kwanza alipoangusha skrubu, Fundi Saa alilaumu jasho. Iliyofuata akalaumu koleo, akalifuta kwa spiriti na kulinoa ncha. Baada ya hapo hakubaki na cha kulaumu. Alivuta pazia la kibanda chake mchana kweupe, akaketi kwenye kigoda na kuukodolea macho mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi.

Kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikuwa vimekufa ganzi. Havikuuma. Vilikuwa pale, vya rangi ile ile, na kucha zake alizikata mwenyewe Jumapili, lakini akiigusa meza ilikuwa kama anaigusa kwa kitambaa.

Baba yake alianza hivyo hivyo. Alikuwa seremala, mwili jumba, na misumari ndiyo iliyomponyoka kwanza. Kikafuata kijiko, kikafuata kikombe, mpaka akafika mahali pa kushindwa kugeuza shingo kwenye mto. Fundi Saa, wakati huo ndevu ndiyo kwanza zinachipua, ndiye aliyemlisha uji na kumfuta kidevu, na alimtazama akiyeyuka hivyo mpaka mwisho. Habari za miaka ile hakumsimulia mtu. Hata mkewe alijua tu kwamba baba mkwe aliugua akafariki.

Kwa hiyo alinyamaza. Alianza kushika koleo kwa mkono wa kushoto, akajifunza kushikilia kikombe kwa viganja vyote viwili, na shati akalifunga vifungo kabla ya kulivaa, akilipitisha kichwani kama fulana. Saa za wanawake, zile ndogo zenye matumbo ya mdudu, akawa anazirudisha kwa visingizio: vipuri hakuna, mashine yake imechoka, bora ununue nyingine. Wateja waliondoka wakishangaa, maana fundi huyu alikuwa na sifa ya kutokataa kazi.

Mambo yakiwa hivyo ndipo shemeji yake, kaka wa mkewe, alipomletea fimbo ya kuvulia.

Shemeji alikuwa na duka la vyombo na zana, na mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa amepata mahali wanapouza kwa bei ya chee fimbo za kuvulia za kukunjuka, kila moja na gurudumu lake la kuzungushia mshipi, mshipi ukiwa umeshaviringwa humo humo. Ni nyepesi, maalumu kwa samaki wadogo. Alichukua chache za kujaribia, na kama zinafaa angeagiza shehena nzima. Ila alikuwa na wasiwasi kwamba kitu rahisi kiasi kile huenda ni takataka, na wateja wakirudi watamshika shati. Na nani mwingine wa kumwamini? Fundi Saa alikuwa mvuvi wa siku za mapumziko, anakaa bwawani na ufito wake akinasa samaki wa ukubwa wa kiganja, tena ni mtu wa kufungua vitu na kuvisoma ndani.

"Ifungue kama unavyofungua saa, Shemeji," alisema. "Halafu uipeleke majini. Ukiniambia nzuri, naagiza. Ukiniambia mbovu, narudisha zote, na hatutaulizana tena."

Fundi Saa alitaka kukataa. Lakini mtu akikataa lazima atoe sababu, na sababu ndiyo aliyokuwa akiikimbia.

Alilifungua lile gurudumu mezani, kwa mkono wa kushoto. Jasho lilimtoka, na si kwa ajili ya joto. Ndani alikuta grisi nyingi nzito kama samli iliyoganda. Aliikomba yote, akaosha meno ya chuma na kutia tone la mafuta ya cherehani. Meno yenyewe yalikuwa ya chuma laini, ya kumfaa mtu asiyegombana na samaki wakubwa. Breki, ile ya kuulegeza mshipi samaki akivuta, ilishika bila kukwama. Pete za kupitishia mshipi zilikuwa zimenyooka, isipokuwa ya nchani iliyokaa upande kidogo, na aliinyoosha. Kilichomkera ni kijispringi cha ule waya unaofungua na kufunga mshipi: chembamba mno, na kilirudi kwa uvivu. Kwa ujumla, kwa kitu cha bei ile, aliyeitengeneza hakuwa mwizi.

Siku ya mapumziko akaenda nayo bwawani.

Jua lilikuwa limeshapanda, na upande ule hapakuwa na mtu ila wafuaji nguo ng'ambo ya pili. Alitunga nyungunyungu, akafungua waya na kurusha. Mshipi ulikimbia vizuri, chubwi ya risasi ikatua mbali kuliko alivyotarajia, akajikuta anatabasamu. Akakaa juu ya jiwe, fimbo mkononi, akisubiri ule mguso. Anayevua samaki wadogo haangalii sana. Anasikiliza kwa vidole. Samaki wa kiganja hanyakui, anadokoa, na ule udokoaji unapanda kwenye mshipi, unapita kwenye fimbo mpaka kwenye nyama ya kidole gumba. Kwa miaka yote hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake.

Aliona ncha ya fimbo ikitikisa kichwa. Mkono haukusikia kitu.

Ikatikisa tena. Mshipi ukasogea upande, ukakaza, ukalegea. Alipovuta, ndoana ilitoka imesafishwa kama sahani ya mtoto mwenye njaa. Akatunga tena, akarusha, akafumba macho ili asikilize vizuri. Giza na upepo tu. Alipofumbua macho, ncha ilikuwa inacheza mbele yake, na vidole vyake vimeishika fimbo ile kama vigingi vilivyoshika kamba ya nguo.

Alitazama huku na huku, kama vile kuna mtu angemwona. Halafu wazo likamjia, naye akalidaka kama mfa maji: ni fimbo! Fimbo yenyewe imekufa. Nyuzi zilizoifuma ni mbovu, zinameza mtikisiko njiani, na kitu cha bei ya chee utategemea nini? Alirudia maneno hayo njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila alipoyarudia yalizidi kuwa kweli.

Nyuma ya mlango wa jikoni ulisimama ufito wake wa zamani. Ilitosha kwenda nao bwawani saa moja tu apate jibu. Hakuugusa.

Akampelekea Shemeji taarifa. Alilisifu gurudumu, akaisifu breki, akataja kile kijispringi kivivu, kisha akasema kwamba hayo yote ni bure kwa sababu fimbo haisikii. Samaki wadogo watakula chambo mpaka washibe na mwenye fimbo asijue. Shemeji hakuuliza mara mbili. Alishusha mabega, akasema ndiyo maana alitaka macho ya mtu makini, na kwamba atazirudisha zilizobaki mwezi ukiisha.

Fundi Saa alilala usingizi mzuri siku hiyo. Asubuhi hakuweza kufunga kamba za viatu.

Kabla mwezi haujaisha, Shemeji alifika kibandani akiwa na fimbo nyingine kwapani na sura ya mtu asiyeelewa hesabu. Kumbe kabla ya yote alikuwa amemuuzia mkunga mmoja mstaafu fimbo moja katika zile za kujaribia. Sasa bibi huyo alikuwa amerudi dukani, si kulalamika, bali kutaka ya pili kwa ajili ya dada yake. Alisema ile fimbo ina masikio. Hata kitoto cha samaki kikigusa chambo kwa mdomo, yeye anakisikia mpaka kiganjani. Shemeji hakuwa na nia ya kumvunjia mtu heshima. Aliona tu kwamba pengine ile ya Fundi ilitoka kiwandani na kasoro, hivyo ajaribu hii, ili asije akarudisha mali nzuri kwa kosa la moja.

"Weka hapo," Fundi Saa alisema, bila kuinua uso.

Kesho yake alikwenda bwawani shingo upande. Alikunjua fimbo, akaufungua mkebe wa nyungunyungu, na kuanza kutunga chambo huku akiwaza atasema nini safari hii. Nyungunyungu alikuwa mtelezi. Alimsukuma kwenye ndoana, akasukuma tena. Ndipo akaona tone jekundu likianguka juu ya mpini, likafuatiwa na jingine.

Alifikiri ni damu ya mdudu. Akafuta. Ikaja nyingine. Alipogeuza mkono aliona ndoana imezama kwenye kidole gumba mpaka kwenye mpindo, mwiba wake ukiwa ndani ya nyama, na nyungunyungu bado ananing'inia. Na hakusikia kitu. Aliivuta kidogo kwa mkono wa kushoto, ngozi ikainuka kama hema, naye akawa anaitazama kama ngozi ya mtu mwingine.

Alimwona baba yake waziwazi, uji ukimtiririka pembeni mwa mdomo, na kwa mara ya kwanza aliona mkono ulioshika kijiko si wake yeye tena, ni wa mmoja wa mapacha wake. Watoto wale walikuwa chuoni, mbali, wakisubiri maisha yao. Alikata mshipi kwa meno, akakunja kila kitu ovyo ovyo na kurudi nyumbani ameuficha mkono mfukoni.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mwalimu wa chekechea. Kazi yake ilimfundisha kutoa miba, shanga puani na vibanzi visiginoni, na kutofautisha mtoto aliyeumia na mtoto anayetaka kubebwa. Alipoona damu kwenye suruali hakupiga kelele. Alimkalisha karibu na dirisha la jikoni, akaosha kidole, akaisukuma ndoana mpaka ncha ikatokea upande wa pili, akaukata mwiba kwa koleo la mumewe mwenyewe, kisha akaivuta ikatoka. Ni kazi ya kumtoa mtu mzima machozi. Fundi Saa alikuwa anaangalia nje.

Ndoana ilipolia kwenye sahani ya bati, ndipo alipokumbuka kwamba ilipasa kuuma. Akakunja uso na kuvuta pumzi kwa meno, kama mtu aliyechomwa.

Mama Pacha alibaki ameushika mkono ule. Kisha, bila kuonyesha, akaminya kucha yake kwenye ncha ya kidole cha pili, akakandamiza kwa nguvu, macho yake yakiwa usoni mwa mumewe. Uso haukubadilika.

"Baba Pacha," alisema taratibu, "tangu lini?"

Angeweza kumzungusha. Maneno yalikuwa tayari kinywani, ya jasho na grisi na fimbo mbovu. Badala yake sauti yake ilikatika, na yakamtoka yote: skrubu, shati, saa alizokataa, samaki aliowaona kwa macho asiwasikie, na baba yake. Hilo la baba lilichukua muda mrefu zaidi. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, mkono wake haukuachia. Mwishoni alimwambia kwamba kuhusu lile shati alikuwa amemwona zamani, akadhani ni mtindo.

"Na wewe unaogopa," Fundi Saa alisema.

"Naogopa sana," Mama Pacha akajibu. "Kesho tunakwenda hospitali."

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Alimchoma hapa na pale kwa sindano, akamgonga kifundo cha mkono, akamwambia akunje ngumi, asukume, avute. Fundi Saa alijibu kila swali kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Alipoeleza habari za baba yake, daktari aliacha kuandika, akauliza kama mzee alipoteza na hisia za ngozi pia. Je, alikuwa akihisi baridi, joto, mchubuko wa shuka?

Fundi Saa alifungua mdomo kujibu kwamba alizipoteza, lakini neno halikutoka. Alikumbuka maji ya kuoga. Mzee hakuweza kuinua kidole, lakini maji yakizidi joto nukta moja alilalamika, na kunjo dogo tu la shuka mgongoni lilimkosesha raha siku nzima. Alisikia kila kitu. Alisikia mpaka siku ya mwisho.

Daktari akaeleza kwamba ugonjwa wa namna ile hula nguvu na kuacha hisia. Huu wake ulikuwa umeanza kula hisia, nguvu ikiwa bado ipo, na katika vidole vitatu tu vinavyolishwa na mshipa mmoja wa fahamu. Kwa maoni yake mshipa huo ulikuwa umebanwa kwenye kifundo na miaka ya kuukunja mkono mezani. Unaweza kufunguliwa kwa upasuaji mdogo. Ila mgonjwa alikuwa amechelewa, na ni kiasi gani kingerudi hawezi kuahidi.

Fundi Saa alipasuliwa akiwa macho, kitambaa cha kijani kikimzuia kuona. Alisikia vyuma vikigongana kwenye trei na hofu ikampanda upya, maana sasa mkono mzima ulikuwa umetiwa ganzi na hakukuwa na namna ya kujua kama bado ni wake. Aliomba kimya kimya. Mama Pacha alimsubiri kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, hajaufungua.

Bandeji ilipotoka, kidole gumba kilirudi kwanza, kikiwa na maumivu makali ambayo mwenyewe aliyapokea kama wageni wa heshima. Cha pili kilirudi nusu. Cha kati kimebaki na ganzi yake mpaka leo, na saa ndogo za wanawake amemwachia fundi mwenzake wa mtaa wa pili.

Lakini kabla bandeji haijatoka, mkono ukiwa bado shingoni kwenye kitambaa, alikwenda dukani kwa Shemeji. Maboksi ya fimbo yalikuwa yamefungwa kamba, yanasubiri gari. Alisimama mbele yake na kumwambia kwamba fimbo hazina kosa, aliyekuwa hasikii ni yeye, na alijua, au angejua kama angethubutu kujaribu. Shemeji alitoka nyuma ya kaunta, akamvutia kiti.

Halafu akauliza kuhusu kile kijispringi kivivu, kama nacho kilisingiziwa.

"Hapana," Fundi Saa alisema. "Hicho kweli ni kibovu. Wabadilishie wateja."