Kuhe wa Mwajuma

Mwajuma wangu leo kavua kuhe mkubwa kuliko wote Ujiji, halafu kamrudisha ziwani!

Hamjambo lakini?

Mimi nilishawasha mkaa na jirani nimemwita. Binti anaingia na mshipi wake mtupu.

"Mama, alikuwa analinda watoto wake. Ningemchukua, wangeliwa wote."

"Na mimi mama yako nile nini?"

Jirani kacheka, karudi kwake.

Jamani, nani mwingine kazaa mwenye huruma hivi?

Ila jioni kanikumbusha likizo imeisha, Jumatatu anarudi kazini Dodoma.

Kuhe yuko na wanawe. Mimi nabaki na sufuria.

Njooni basi nyumbani Buzebazeba tumuage. Samaki nitanunua sokoni, migebuka. Nawataka wote kwangu Jumapili.