Safari ya Kumleta Mama Mkwe kwa Gari Lisilochaji

Sababu ya safari yangu ilikuwa tumbo la mke wangu. Numbi alikuwa karibu kujifungua, na mtoto wetu wa kwanza tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia kabla hata hajapata jina. Asubuhi moja aliweka sufuria chini, akasema bila kuniangalia: "Bila mama yangu, minyi siingie mu maternité. Hata banitie mu kitanda, nitatoka." Nilimjua. Angetoka kweli katika hiyo wodi ya wazazi. Mama yake aliishi kijijini, upande wa Kabondo-Dianda, mbali na reli, kwa hiyo treni isingetufaa. Ilibidi aende mtu mwenye gari, na mtu huyo, kwa bahati mbaya ya wote waliohusika, nilikuwa mimi.

Kamina nilijulikana. Karakana yangu ilikuwa karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli, na juu ya mlango niliandika kwa rangi nyekundu: BANZA, DOCTEUR YA COURANT, yaani daktari wa umeme. Ilikuwa miaka ya Zaire, kila mwanamume aliitwa citoyen, mwananchi, lakini mimi nilikuwa docteur, na nilihakikisha watu hawasahau. Gari lisilochaji nilikuwa nalisikiliza kwanza, nimefumba macho, mkono kifuani. Wateja waliheshimu sana kule kufumba macho. Mafundi wenzangu walicheka, nami nikaona ni wivu.

Gari langu lilikuwa lile dogo lenye mgongo wa kobe: milango miwili tu, injini nyuma, betri chini ya kiti cha abiria wa nyuma. Betri yake nilikuwa nimeibadilisha. Mke wa askari mmoja, anayeuza kila kitu kule base, kambini kwa jeshi, aliniuzia betri ya lori, ndefu na nzito, nikaiingiza kwa nguvu nikijisifu kwamba sasa nina umeme wa kutosha mtaa mzima.

Tulipanga hivi: niende siku moja, nirudi kesho yake. Niliondoka Kamina jua likichomoza. Barabara ilikuwa na madimbwi makubwa, na katikati yake majani marefu yaliyokuwa yakifagia tumbo la gari. Taa nyekundu ya kuchaji ilizimika pale pale nilipowasha injini, ikalala mpaka Kabondo-Dianda. Niliimba njia nzima.

Kijijini nilipokewa na mjomba wa mke wangu, Tonton Kabamba, mstaafu wa reli, mtu mpole anayependa usingizi kuliko nyama. Mama mkwe sikumwona, na ndivyo inavyotakiwa. Kwetu Waluba, kati ya mkwe na mama wa mke wake kuna buko, yaani heshima kubwa inayofanana na woga. Humtazami usoni, humtaji jina, humgusi, hamli pamoja. Mkeka wake hukalii, kiti chake hukishiki. Akitaka kukuambia jambo, analipitisha kwa mtu mwingine. Nilisikia sauti yake tu, nyuma ya ukuta wa majani: "Kabamba, uliza ule muntu: Numbi iko nakula?"

"Mama iko nauliza kama Numbi iko nakula," Tonton akaniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie anakula vizuri," nikajibu, na Tonton akaupeleka ujumbe hatua tatu.

Asubuhi ya kurudi, niligeukia porini ili mama mkwe apite nyuma yangu na kuingia garini. Gari lilinijulisha kwamba ameingia: lilishuka kwa nyuma, likalia. Alikuwa mama mwenye mwili wa baraka. Alimpakata kuku wa kumpikia mzazi, Tonton akakaa mbele kando yangu, na kioo cha ndani nikakigeuza kitazame paa, nisije nikamwona mama mkwe kwa bahati mbaya.

Kabla ya kufika barabara kubwa, taa nyekundu iliwaka. Ikazimika. Tukaingia shimoni, ikawaka tena.

Nilisimamisha gari. Utaratibu ulikuwa huu: mimi nageukia porini, Tonton anashuka, anakunja kiti chake, mama anatoka na kuku wake, anakwenda kujificha nyuma ya kichuguu. Ndipo docteur anageuka na kufungua mgongo wa gari. Niliubonyeza mkanda kwa kidole gumba, umekaza vizuri. Niliwasha injini, nikapima alteneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, kwa mita yangu: volti kumi na nne, sawasawa. Nilifumba macho, nikasikiliza. Gari lilikuwa zima.

"Ni mkanda," nikasema, kwa sababu docteur hawezi kusema hajui. "Nimeurekebisha."

Tulipanda. Shimo la kwanza, taa ikawaka. Honi, nilipoijaribu, ilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua.

"Mama iko nasema, iko nasikia moto," Tonton akaniletea ujumbe.

Hapa lazima nieleze jambo. Joto, lile neno la vitabuni, Kamina hatulitumii. Jua likiwa kali tunasema moto, mwili ukichemka tunasema moto, na nyumba ikiungua tunasema moto vilevile. Nilifungua kioo changu, nikamwomba Tonton afungue chake. Nilijiona mkwe mwenye adabu.

Kituo cha pili nililaumu kaboni za alteneta. Mama akaenda kichuguuni, nami nikazitoa, nikazisugua, nikazirudisha. Volti kumi na nne. Kituo cha tatu nililaumu regileta, kile kidhibiti cha umeme, nikafunga nyingine niliyokuwa nayo. Volti kumi na nne. Kila aliposhuka, gari lilipona. Kila alipopanda, liliugua. Mwanafunzi wa darasa la kwanza angekuwa ameshaelewa, lakini hakuwa na kibao chekundu mlangoni.

Na betri je? Karakana nzima ilinijua kwa maneno mawili: "Anza betri." Niliwapigia kelele watu wazima kwa kutoanza na betri. Lakini ile betri ilikuwa chini ya kiti alichokalia mama mkwe, kiti ambacho bado kilikuwa na umbo lake. Kukiinua kile kiti mbele ya ndugu yake! Afadhali nikose umeme. Nilijiambia kwamba betri kubwa namna ile haiwezi kuwa na shida, nikafunga mgongo wa gari kwa kishindo cha mtu anayejua.

Tulipovuka mto mmoja njiani, Tonton alilala. Yeye ndiye alikuwa mdomo wetu, na sasa mdomo ulikuwa unakoroma. Ndipo nikamsikia mama mkwe akisema na kuku.

"Weye kuku, hausikie moto? Minyi moto iko naniingia kwa chini."

Ilikuwa hekima kubwa, kwani kuku hana buko na mtu. Nami nikamjibu kuku, macho yangu barabarani: "Kuku, injini ya hii gari iko nyuma. Njo maana kunakuwa moto."

Akamgeuza kuku amtazame. Kisha: "Kuku, injini iko nyuma, sawa. Lakini huyu moto haiko nyuma. Iko chini. Na minyi siwezi kusema chini wapi."

Wallahi nilifikiri ni malalamiko ya kawaida ya wakubwa. Nilipunguza mwendo. Nilikuwa nikiwaza Numbi peke yake nyumbani. Gari likizimika hapa, nani ataliwasha? Betri ikifa, mama hatafika, na mke wangu hataingia maternité. Niliogopa kweli. Hofu yangu niliificha kwa kupiga mluzi.

Tulipokuwa tumekaribia Kamina, mvua nyepesi ikaanza. Vifuta kioo vilipanda nusu, vikasita, vikashuka. Injini ikaanza kukohoa. Ndipo harufu ikanifikia, harufu ya godoro linaloungua, na moshi ukapita juu ya bega langu. Kuku akaruka mbele, akatua kwenye usukani.

Nilikanyaga breki, nikatoka, nikakunja kiti changu, na kisha nikafanya jambo ambalo sitalisahau mpaka kaburini: niligeukia porini. Mguu wenyewe uligeuka, kwa mazoea. Moshi unatoka garini na mimi natazama majani kwa heshima. Ndani, mama mkwe naye alikuwa anangoja kwa heshima Tonton aamke ampe mkono. Tonton alikuwa anakoroma.

"Mutoto yangu!" sauti ikatoka ndani ya moshi, na haikuwa kwa kuku. "Geuka, univute! Tutakufa na heshima?"

Niligeuka. Nilimwona usoni. Alikuwa na macho ya Numbi kabisa, hakuna aliyewahi kuniambia. Nilimshika mikono yote miwili, nikavuta, akatoka kwa mara moja na tukaanguka wote wawili matopeni, mkwe na mama mkwe, huku Tonton akishuka upande wa pili akiuliza kama tumefika.

Nilikivuta kile kiti, nikakitupa nje kwenye maji. Chini yake ugonjwa wa siku nzima ulikuwa wazi. Betri yangu ya fahari ilikuwa ndefu mno. Mama alipokaa, vyuma vya springi za kiti vilishuka, na kwenye kila shimo vikabusu kichwa cha betri. Umeme wote ambao ile alteneta maskini ilikuwa inautengeneza uliishia pale, kumpikia mama wa watu kiti chake. Alteneta haikuwa na kosa lolote tangu asubuhi.

Kitenge cha mama kilikuwa na tundu. Mahali lilipokuwa sitaji.

"Minyi siku nzima niko nasema moto," akasema, akijipangusa matope.

"Mama, nilifikiri ni joto."

"Joto njo nini?"

Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nikafunika kichwa cha betri, nikakifunga kwa kamba. Niliwasha injini. Taa nyekundu ikazimika, ikalala moja kwa moja. Kile kiti kilichoungua tulikiacha, Tonton akakaa nyuma juu ya gunia la unga, na mama mkwe akakaa mbele, bega kwa bega nami. Tulivyoingia Kamina, wanawake sokoni walishika vinywa.

Numbi tulimkuta amekaa kwenye ngazi za maternité, ameushika mlango kwa nguvu, uchungu umeshaanza. Muuguzi alikuwa anambembeleza na kumgombeza kwa zamu. Alipomwona mama yake, akauachia mlango. Waliingia pamoja bila kugeuka nyuma.

Nilingoja ukutani na Tonton, ambaye safari hii hakulala. Nilichojifunza nilikuwa nimeshajifunza, na tangu siku ile, gari likiletwa kwangu, swali la kwanza silielekezi kwenye injini. Nauliza ni nani huwa anakaa wapi, na anasema nini akiwa amekaa. Lakini pale ukutani sikuwaza magari. Niliomba Mungu, na niliomba vibaya, maneno yakirudiana.

Mtoto alilia. Nikasikia hatua, mlango ukafunguliwa, na kwa kuwa nilijua ni hatua za nani, niligeukia ukuta.

"Banza," akaniita jina langu, mara ya kwanza. "Geuka. Shika mutoto yako."

Nikasema ngoja Tonton ampokee, anipe.

"Tonton ya nini? Minyi ulinivuta nikatoka," akasema mama mkwe. "Huyu iko mwepesi."