Bijou Alipolia Mikononi mwa Nkambo

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Dilala, mjini Kolwezi, hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba mbwa hulia akibebwa na mchawi. Tulilijua jambo hilo kama tulivyojua kwamba mvua za kwanza huleta kumbikumbi. Pua ya mbwa, walisema wakubwa, hufika mahali ambapo macho yetu hayafiki. Akibebwa na mtu mwenye moyo safi hunyamaza. Akibebwa na mulozi, ndivyo tunavyomwita mchawi, hupiga kelele, na hapo hakuna wa kumbishia.

Mbwa wetu aliitwa Bijou. Baba alipewa na mgeni mmoja wa kambi ya mgodi aliyekuwa akirudi kwao. Alikuwa dume mdogo, miguu mifupi, mgongo mrefu kama mkate wa asubuhi. Majirani walipomwona mara ya kwanza walimcheka: "Ile ni imbwa ao ni mamba?" Tulikaa katika nyumba za zamani za kampuni, zile zenye mlango wa jikoni ulio juu ya ngazi tatu za saruji. Bijou hakushuka ngazi hizo hata siku moja. Aliruka kutoka ya juu kabisa, akaanguka kwa miguu ya mbele, akawafukuza kuku, akarudi, akaruka tena. Kutwa nzima.

Alhamisi moja nilirudi kutoka shule nikamkuta chini ya ngazi. Hakupanda. Aliinua mguu mmoja wa mbele, akaurudisha. Mgongo wake ulikuwa umejikunja kuelekea juu, kichwa kimeinama, na ubavu ulikuwa unatetemeka ingawa jua lilikuwa kali. Mama alikuwa sokoni na mdogo wangu, mtoto wa miezi minane. Baba alikuwa mgodini kwa wiki zake mbili za zamu. Nikamshika Bijou chini ya makwapa, nikamnyanyua, miguu ya nyuma ikaning'inia.

Akalia. Sijawahi kusikia sauti ile tena kwa mbwa. Aligeuza mdomo kuelekea mkono wangu, akaufungua, kisha akaufunga bila kuniuma. Nilimweka chini, nikatazama kulia na kushoto. Hakuna aliyesikia.

Mtu mzima anayesoma haya anaweza kucheka. Mwaka ule mvulana mmoja wa darasa letu alikuwa ametajwa na watu wa kwao kuwa mulozi, na alikuwa analala chini ya meza za soko. Tulimpita tukienda shule. Mwalimu alilifuta jina lake katika daftari. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua vizuri mtoto anakwenda wapi akishatajwa. Nikafunga mdomo.

Siku mbili zilizofuata nilijifunza peke yangu namna ya kumbeba. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo umelala sawa kama ubao. Hivyo alishusha pumzi tu. Niliamini nimepata hila ya kuidanganya pua yake. Haikunijia hata kidogo kwamba nilikuwa nimepata mahali panapomuuma. Mama alipomwona amelala mchana kutwa, akiinuka na kulala tena kama mtu asiyepata upande wake kitandani, alisema tu, "Imbwa inakuwa muvivu."

Jumamosi Nkambo alifika. Ndivyo tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama yake baba, mtu wa Lubudi, na alituletea unga wa mahindi na uyoga mkavu. Jumapili, baada ya misa, mdogo wangu alishikwa na homa. Na saa ile ile, Nkambo alimkuta Bijou chini ya ngazi, akamwinamia, akamnyanyua kwa makwapa kama mtu anavyonyanyua mjukuu.

Kilio kile kilifika hadi kwa Mama Odile, jirani yetu, aliyekuwa anachambua maharagwe upande wa pili wa ua.

"Mama Nadine," alimwita mama, kwa kuwa Nadine ni mimi, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Muzee amefika jana. Leo mutoto iko na fievre. Na imbwa inalia. Mi sisemi kitu. Ninahesabu tu."

Nkambo alicheka. "Mama Odile, hata kuku inalia, mukiikamata."

"Kuku haina pua ya imbwa, mama."

Mama hakucheka. Alikuwa na mtoto mwenye homa mgongoni, na mama mkwe ambaye hakuwahi kukaa naye zaidi ya siku tatu. Mama Odile, aliyeheshimiwa kwa maombi yake, alipitia kwenye pengo la ua akasema tufanye kama wazee walivyofanya: mbwa apite mikono yote ya nyumba, mmoja mmoja.

Alianza yeye. Alimviringisha Bijou katika kitenge, akamlaza juu ya tumbo lake kubwa. Kimya. Mama akampokea kwa mikono miwili kutoka chini, kama sufuria ya moto. Kimya. Ikafika zamu yangu. Nikaweka mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Nilifanya polepole. Kimya.

Nkambo akamshika kwa makwapa.

Baada ya kilio, alipomweka chini, miguu ya nyuma ya Bijou ilipishana kama ya mlevi.

"Mama," mama yangu alisema, na alitumia heshima yote ya mkwe, "kesho mutarudia Lubudi. Kamyo za kubeba batu ziko kila asubuhi."

Nkambo alimtazama, halafu akatazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa mbele yangu, mmoja juu na mmoja chini, kama bado imembeba mbwa. Alitazama muda mrefu. Nikaificha mgongoni.

"Nitarudia," alisema. "Lakini peleka kwanza mutoto dispensaire, leo hii. Na kesho tupeleke imbwa kwa munganga wa banyama. Siwezi kurudi kwetu na lile jina bila kujua ile imbwa iko na nini."

Mdogo wangu alipimwa damu: malaria. Alipewa dawa, na Jumatatu asubuhi homa ilikuwa inashuka. Lakini moyo wa mama haukushuka. Malaria iliyotumwa na mtu, alisema Mama Odile, nayo ni malaria.

Mfuko wa Nkambo ulikuwa tayari mlangoni. Aliomba beseni kubwa la kufulia, akakunja gunia ndani, akaniambia nimweke Bijou humo. "Weye unajua," alisema, na hakuongeza neno. Lubudi, alituambia njiani, mpakiaji akianguka kutoka juu ya behewa hubebwa juu ya mlango uliong'olewa, ili mgongo usikunjwe. Alijitwika beseni kichwani, akatembea mbele. Vijana wa pikipiki walimpigia kelele: "Mama, ile nyama iko bei gani?" Naye akajibu bila kugeuza shingo: "Ya kwako, mutoto, ya bure. Leta meno."

Bijou hakulia njia nzima. Mama, aliyekuwa anatembea nyuma yake na mtoto mgongoni, aliliona hilo. Nilimwona akiliona.

Mganga wa wanyama alikuwa mwanamume mfupi aliyetibu zaidi nguruwe na mbuzi, katika chumba kimoja nyuma ya duka la chakula cha kuku. Mama alimweleza mambo yote, hata ya mulozi. Yeye alisikiliza huku akipitisha vidole viwili kwenye uti wa mgongo wa Bijou, kutoka mabegani kwenda chini. Nyuma kidogo ya mbavu, tumbo lilikaza na Bijou akalia kilio kile kile.

"Basi, mama," alisema, "munifukuze na mi."

Nkambo ndiye peke yake aliyecheka.

Mganga alimsimamisha Bijou mezani, akaukunja wayo wa nyuma ili mgongo wa vidole uguse meza. Mbwa mzima, alituambia, huurudisha mara moja. Bijou aliurudisha wa kulia mara moja. Wa kushoto alichelewa. Kati ya mifupa ya mgongo, alieleza, mna vitu laini kama mito midogo. Mbwa mrefu anayeruka ruka huweza kuupasua mmoja, ukabana mishipa ya fahamu iendayo miguuni.

"Ilianza siku gani?"

"Jana," alisema mama.

Uso wa mganga ulibadilika. "Jana tu, na mguu tayari unachelewa? Basi inakimbia. Kesho itakokota miguu, kesho kutwa haitaweza kukojoa. Kwa ile, mi sina dawa, na Lubumbashi, kwenye banapasua, ni mbali. Afazali tusiiteshe." Alitazama kabati la sindano, zile za kumlaza mnyama asiamke tena.

Nilimtazama Nkambo. Alijua, na hakusema kitu. Nilisubiri aseme.

"Alhamisi," nikasema.

Wote watatu waligeuka.

"Ilianza Alhamisi. Mi nilimubeba, alilia vile vile. Nkambo alikuwa hajafika. Kisha nikajua namna ya kumubeba."

Mama alifungua mdomo. Mganga alimtangulia, vidole vinne juu: "Siku ine? Mutoto, hakika?" Nikaitikia kwa kichwa. "Siku ine na bado inasimama. Basi iko polepole. Tujaribu."

Alimpima uzito, akampa dawa ya kutuliza uvimbe, ya mbwa. Vidonge vya maumivu vya watu alivikataza kabisa. Vinaweza kumtoboa tumbo na kumharibia figo. Zaidi ya dawa, alisema, ni kulala. Wiki sita ndani ya sanduku, atoke tu kwa kamba kwenda haja, arudi. Hakuna ngazi, hakuna kuruka, hata siku anayoonekana amepona. Hasa siku hiyo. Akianza kukokota miguu, au mkojo ukikataa, aletwe siku ile ile. Na abebwe na watu wote kama huyu mtoto anavyombeba.

Sifa hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Tulimtengenezea sanduku la mbao jikoni. Baba aliporudi aliweka ubao mpana juu ya ngazi, ili Bijou autelemkie. Bijou aliishi miaka mingi, mguu wa kushoto wa nyuma ukichelewa kidogo kila akigeuka. Mfuko wa Nkambo ulirudi chumbani siku ile. Mama hakuomba msamaha kwa maneno. Alimpikia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, akamwekea sahani kabla ya baba. Mimi nilipata adhabu ndogo kuliko niliyoitegemea. Mama Odile alisema pua ya mbwa mgonjwa haihesabiki.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha ujinga wa Mama Odile. Kilikuwa rahisi hivyo. Lakini Mama Odile aliamini alichokifanya. Mimi, katika ua ule, ndiye niliyekuwa najua namna ya kumbeba mbwa asiumie, na ujuzi huo niliutumia ili jina liangukie mtu mwingine.

Mwaka jana, nilipokwenda Lubudi, nilimwuliza Nkambo kwa nini hakusema alichokiona mikononi mwangu. Alikuwa anapepeta mahindi, hakuacha.

"Mi, bakinifukuza Kolwezi, niko na nyumba huku," alisema. "Weye, bakikufukuza, ungeenda wapi?"