Baba Mkwe Apima Kompyuta kwa Mita

Baba mkwe wangu alipiga picha za harusi miaka thelathini na sita. Mtaa mzima unamwita Mzee Cheka, kwa kuwa hakubonyeza kamera kabla ya kusema, "Cheka kidogo, hakulipiwi." Alipostaafu, picha zote zilibaki kwenye diski moja ndani ya kabati la vyombo, nayo ilikuwa imeanza kugonga kama ukucha juu ya meza. Mimi nauza kompyuta zilizotumika, sauti ile naijua. Diski ikifika hapo, haina siku nyingi.

"Nataka seva," aliniambia dukani. "Kompyuta inayokaa macho mchana na usiku. Anayetaka picha ya harusi yake aione kwenye simu, popote alipo."

"Nitakupa, baba."

"Sikuja kupewa. Nipunguzie bei."

Hapo ndipo anaponiweza. Wateja wengine nawakamua, nao wananikamua, tunaagana tukicheka. Mkwe utamkamua kwa mkono upi?

Sharti lilitoka kwa mama mkwe: "Ikila umeme kuliko friji yangu, inatoka." Nyumba ile ina nidhamu ya swichi, na aliyeileta ni mzee mwenyewe. Tangu aoe hupita chumba hadi chumba akizima, akisema taa inayowaka bure ni mwizi uliyemfungulia mlango. Mke wangu mpaka leo hunizimia feni nimekaa chini yake.

Jumamosi niliwapelekea mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kompyuta kubwa ya ofisini iliyonijazia duka. Sifichi, nilitaka iniondokee. Mzee akazima nyumba nzima, akaichomeka, akasimama mbele ya mita akihesabu kitaa chekundu kinavyopepesa kadiri umeme unavyoliwa, dakika kumi kamili.

"Ishirini," akasema. "Friji ni kumi na mbili."

"Mkwe," mama mkwe akaniambia, "umetuletea mlaji. Rudi naye."

Ya pili ilikuwa kiboksi cha ukubwa wa kitabu. Kitaa kilipepesa mara tatu tu. Wakakichukua, na mzee akaanza kuhamisha picha.

Siku ya tatu alikuja dukani na kiboksi kwapani, uso umemshuka. Mama mkwe alikuwa akitoka kwenda sokoni, na kama alivyofundishwa, akapita ukutani akizima kila swichi. Kiboksi kilikatika katikati ya kazi. Picha za miaka miwili ya harusi zilifika nusu nusu, na diski, iliyokatishwa ghafla nayo, sasa iligonga maradufu.

"Umemgombeza?" nikauliza.

"Nianzie wapi? Mwalimu ni mimi."

Tulibandika karatasi kwenye swichi: USIZIME. Kesho yake ikazimwa tena. "Mkono wangu hausomi," mama mkwe alisema, na alisema kweli.

Nikakumbuka kompyuta ndogo ya kubebeka iliyolala chini ya kaunta. Kioo kimepasuka vipande, hakuna aliyeitaka, lakini betri yake bado inashika saa mbili. Umeme ukikatwa, yenyewe haina habari. Nikaipeleka badala ya kiboksi, nikakitenganisha kioo kisile bure, mzee akahesabu: nne.

"Haya mama, zima."

Mama mkwe akazima swichi. Mashine ikaendelea kuvuma. Akazima tena, kwa nguvu zaidi.

"Mkwe, hii imenidharau!"

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta machozi, akanigeukia. "Kioo kimevunjika, punguza." Nikapunguza. "Betri imechakaa, punguza." Nikapunguza. "Haiwezi hata kujitazama, maskini." Tukafika mahali ambapo nilikuwa nimempa, ila yeye amenunua, na wote wawili heshima yetu iko mahali pake.

Picha zilimaliza kuhama Alhamisi, na zile za nusu nusu zikarudiwa. Jumatatu diski ikanyamaza moja kwa moja. Mzee aliishika mkononi kidogo, akaitupa.

Mama mkwe bado anazima. Akishika kikapu tu, swichi zote zinalala. Na Mzee Cheka, aliyeishi miaka yote hiyo akizima, sasa anamsubiri afike getini, kisha anainuka polepole, anapita alikopita yeye, akiwasha swichi ya mashine kabla betri haijaisha.