Mlango Usiolia

Fundi waliyemwita Sikio hakuwa na masikio makubwa kuliko ya wenzake, ila ya kwake yalikuwa na kazi nyingi zaidi. Ndege ikitua pale kiwanjani, yeye yuko ndani ya banda kajikunyata chini ya injini nyingine, naye huinua kichwa na kusema, "Gurudumu la kushoto lina neno." Wakienda kulitazama, kweli lina neno. Wenzake walimtania kwamba akilala anasikia kutu ikila mabati. Alicheka nao, lakini ukweli ni kwamba kelele ilimtesa. Kitu kikikwaruza au kikigonga mahali pasipostahili, hakutulia mpaka akijue na akinyamazishe.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo akikabidhiwa ndege ya Daktari.

Daktari alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, mzee mwembamba mwenye suruali iliyoshikiliwa na mikanda ya mabegani, na ndege yake ilimzidi umri. Ilikuwa na viti viwili na mlango mmoja upande wa kulia, na mlango wenyewe ulikuwa umechoka kiasi cha kutia huruma. Bawaba zake mbili zilikuwa zimelika. Ukiufungua, ulining'inia upande kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ili uufunge ilibidi uuinue kwa goti, uusukume kwa bega, kisha umwombe Mungu. Hewani ulitetemeka na kupiga mluzi, na Daktari alizoea kuushika kwa mkono mmoja huku akiendesha kwa mwingine.

"Fundi, kwa umri huu siwezi tena kupigana mieleka na mlango," alisema. "Utengeneze, au niung'oe niruke bila mlango."

"Usiung'oe, Daktari. Niachie mimi."

Pini ya bawaba ni kitu kidogo tu, kijiti cha chuma kinachopenya katikati ya bawaba na kuubeba mlango mzima. Mtu haikumbuki mpaka ilike. Sikio aliuegemeza mlango juu ya kibao alichokivika blanketi, ili uzito usizielemee bawaba, akatia mafuta ya kulegeza kutu, akaenda zake kunywa chai. Ukigonga kabla mafuta hayajaingia, unapasua bawaba, na bawaba ya ndege ya zamani kiasi kile huipati dukani. Aliporudi aligonga kutoka chini, taratibu, kwa nyundo ndogo. Pini ya juu ilitoka bila ubishi. Ya chini ilikataa katakata. Aliibembeleza, akaitukana kidogo, akaitia mafuta tena, na mwishowe ikasalimu amri. Ilikuwa imekonda katikati kama kipande cha sabuni cha wiki ya mwisho ya mwezi.

Matundu nayo yalikuwa yamepanuka yakawa na umbo la yai. Akayachonga mpaka yakarudi kuwa mviringo, akaingiza pini mpya nene kidogo kuliko za zamani, zilizoagizwa kwa kazi hiyo hiyo, akazipaka grisi na kuzifunga kwenye ncha zisije zikachomoka. Kisha akachukua ukanda wa karatasi, akauweka kwenye ukingo wa mlango, akaufunga mlango, akauvuta ule ukanda. Karatasi ikagoma kutoka. Akaenda hivyo hivyo kuzunguka ukingo wote, na kila mahali karatasi iligoma. Hapo ndipo alipomwita mwenye mali.

Daktari aliusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukafunga. Akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, meno yote nje.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, Daktari."

Siku hiyo Sikio alirudi nyumbani kichwa juu. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya uzio wa kiwanja, na aliishi na mkewe pamoja na mama yake mzazi, kwa kuwa watoto walishaoa na kuolewa. Alipoufungua mlango wa mbele, mlango ukalia kama ulivyolia miaka yote, sauti nyembamba ukifunguka na nzito ukifungwa. Na kutoka chumba cha kwanza, kama ilivyokuwa miaka yote, mama yake akauliza.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mama."

"Umerudi?"

"Nimerudi."

"Haya, baba. Karibu ule."

Mkewe alikuwa na utani wake juu ya mlango huo, na hakuchoka kuurudia. "Watu wananiuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nawaambia anatengeneza milango ya ndege. Halafu wanaingia kwangu, mlango unawapigia kelele, wananitazama." Siku nyingine Sikio angecheka yakaisha. Siku hiyo, na sifa za Daktari bado zikimwasha masikioni, aliona haya kwelikweli.

Hapa lazima niseme neno juu ya yule mama. Macho yake yalikuwa yamefifia mpaka watu kwake ni vivuli tu, na kumbukumbu nayo ilikuwa inakuja na kuondoka. Lakini jambo moja halikumtoka. Mumewe, baba yake Sikio, alikuwa dereva wa lori. Aliondoka alfajiri moja na hakurudi. Walimwambia mkewe kwamba amechelewa tu, na mwanamke yule akakaa mlangoni akingoja, siku baada ya siku, mpaka alipotokea mtu mwenye ujasiri wa kumwambia ukweli. Tangu hapo hakupata usingizi mpaka ajue kwamba watu wake wote wako ndani. Sikio aliijua habari hiyo tangu utotoni, na labda ndiyo sababu alishaacha kuisikia.

Jioni ile ile alichomoa pini za bawaba za nyumbani. Nazo zilikuwa zimelika, zina kutu. Alizitupa katika kopo la maziwa alimohifadhi misumari, akakata nyingine kutoka kipande cha nondo laini, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, akazipaka grisi bila ubahili. Mkewe alikuja akaufungua mlango, akaufunga, akatazama juu na chini kama anayetafuta ilikokwenda ile sauti.

"Leo umenifuta aibu," akasema.

Mama alikuwa ameshalala. Hakuna aliyemwambia, na wala sishangai. Nani humwamsha mzee kumpa habari kwamba mlango haulii tena?

Siku zilizofuata kazi ilikuwa nyingi bandani. Sikio alitoka kabla mama hajaamka, akarudi mama akiwa ameshapanda kitandani. Aliufungua mlango kimya, akavua viatu, akapita mbele ya chumba cha mama kwa kunyata ili asimsumbue. Alijiona mwana mwema kweli.

Asubuhi mama alimwuliza mkwewe, "Mwanangu amerudi?"

"Amerudi, Mama, na ameshatoka tena."

"Mbona sikumsikia?"

"Ulikuwa umelala, Mama."

"Mimi? Sikulala."

Mkwewe aliona ni uzee tu. Lakini mama akaanza kuacha chakula, akawa anakaa kitandani na sweta la mwanawe mapajani, akilikunja na kulikunjua. Usiku mke alimwambia mumewe, "Mama hali vizuri. Kutwa anakuulizia." Sikio akajibu kwamba Jumapili atashinda naye. Alikuwa na nia hiyo, sisemi hakuwa nayo.

Jumamosi Daktari alikuja kuijaribu ndege yake. Alipanda, akajifungia mlango kwa kidole kimoja kama alivyozoea sasa, akawasha injini na kuiacha ipate moto. Sikio alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, akiifurahia kazi yake, alipomwona mkewe anakuja mbio kutoka getini, kitambaa cha kichwa kiko mkononi.

"Mama hayupo," akasema, pumzi zikimwishia. "Nimezunguka kwa majirani wote. Nimekwenda hadi dukani. Hayupo."

"Ametokaje na wewe uko ndani?"

"Nilikuwa jikoni. Sikusikia mlango."

Walitazamana, na kila mmoja aliliona jambo lile lile usoni mwa mwenzake. Miaka yote ile walikuwa wakiulalamikia mlango, kumbe ndio uliokuwa unawalindia mama.

Nyuma ya uzio kulikuwa na barabara ya malori ya kokoto, na madereva wake hawakujua kukanyaga breki. Na mama, kwake lori na mti vyote ni vivuli. Sikio alimtuma mkewe apite upande wa nyumbani. Yeye mwenyewe alitaka kufanya kile alichokijua kuliko vyote, yaani kusimama na kusikiliza, lakini injini ya Daktari ilikuwa inanguruma hata masikio yake yakawa bure.

Alipunga mikono. Daktari naye, akidhani anaagwa, akampungia. Alipaza sauti, "Zima, Daktari, zima!" Daktari alitabasamu tu nyuma ya kioo. Zamani kupitia mlango ule ungesikia hata mtu akikohoa nje, lakini sasa ulikuwa umefunga sawasawa, na neno halikupenya. Ilibidi Sikio azunguke kwa nyuma, mbali na pangaboi, apite chini ya bawa na kuupiga kwa kiganja ule mlango alioutengeneza kwa mikono yake.

Injini ikazimika. Sikio alifumba macho.

Lori lilipita, likaenda. Bati la banda likalia kwa joto. Kisha kwa mbali, upande ambako uzio unakata kona kuelekea barabarani, akasikia kitu kikigonga waya, kikinyamaza, kikigonga tena. Ilikuwa fimbo. Alikwenda mbio kama hajawahi kukimbia tangu ujana wake.

Mama alikuwa anafuata uzio, fimbo yake ikipapasa waya, na kwapani amebana sweta. Mbele yake uzio ulikuwa unaishia, na baada ya hapo ni lami. Sikio alimkamata bega.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Mimi, Mama."

Mama aliiacha fimbo ianguke, akampapasa uso wote, paji, pua, kidevu kisichonyolewa.

"Umerudi?"

"Mama, mbona nalala nyumbani siku zote? Kila siku narudi."

"Sikukusikia ukiingia." Sauti yake haikuwa ya kulaumu. "Mkeo ananiambia amerudi, amerudi. Na baba yako waliniambia hivyo hivyo, amechelewa tu, atarudi. Nikakaa mlangoni nikingoja kama mjinga. Nikasema safari hii sikai. Safari hii naenda kumfuata mwenyewe. Nimekuchukulia na sweta, usije ukawa na baridi huko uliko."

Sikio alilia pale pale kando ya waya, mtu mzima na ovaroli yake. Siku zote zile alikuwa akipita mbele ya chumba chake kwa kunyata, na mama yuko macho gizani akimhesabu miongoni mwa waliopotea. Alilivaa lile sweta, jua lote lile, akamshika mama mkono.

Daktari alikuwa amewafuata, akihema, kofia mkononi. Alimsalimu mama kwa heshima, akawapeleka nyumbani kwa gari lake. Mkewe Sikio alikuwa amesimama kizingitini, na alipomwona mama anashushwa, alikaa pale pale chini. Daktari alipokuwa akiaga aliutazama mlango, akausukuma kidogo kwa kidole.

"Huu nao ni kazi yako?"

"Ni wangu, Daktari."

"Umeutengeneza mno, Fundi."

Mchana ule Sikio alilishusha kopo la maziwa na kumwaga misumari mezani mpaka akazipata zile pini kuukuu. Mkewe aliuinua mlango kwa goti bila kuambiwa. Pini mpya zikatoka kwa ulaini, zinang'aa. Alichovya kitambaa katika petroli, akaifuta grisi yote, ndani na nje ya bawaba, kisha akazirudisha zile za zamani mahali pake, na kutu yake.

"Sasa watu nitawaambia nini?" mkewe akauliza.

"Waambie mumeo ni fundi mbovu."

Akaufungua mlango. Kimya. Grisi ilikuwa bado imebaki mahali fulani. Mtu huyu aliyeishi kwa kunyamazisha vitu alisimama akiufungua na kuufunga, akiufungua na kuufunga, akiusikiliza kwa hofu, mpaka hatimaye ukaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti yake yote, nyembamba kwenda na nzito kurudi.

Kutoka chumba cha kwanza mama akauliza, "Nani huyo?"

"Mimi, Mama."

"Umerudi?"

Alikuwa ndani ya nyumba tangu saa zile. Hakumsahihisha.

"Nimerudi, Mama," akasema.